Watu Mia Tatu kwa Kitabu Kimoja

Ndugu zangu wa Mbangala, na ninyi wa Mkwajuni, Saza, Galula, Vwawa, Mlowo na Tunduma, nina ombi. Naomba tukifanyie kitabu kile tunachoifanyia harusi: tukae, tuunde kamati, tuandike majina, kila mtu atoe ahadi yake, na siku ikifika ahadi iwe imetimizwa. Nawaombea wachapishaji wadogo wa nchi hii, watu wanaotoa vitabu kwa mtaji wa mfukoni, wasio na zabuni ya serikali wala mfadhili wa kudumu. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo sisemi kama mtu wa kando. Siombi sadaka. Naomba mnunue kitabu mapema, kabla hakijaingia mashineni, na hesabu nitaiweka mezani, maana watu wa huku hawachangishwi bila hesabu.

Kwanza niseme tumekwisha kupoteza nini. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hii iliyo kati ya Ziwa Rukwa, Nyasa na Tanganyika ilipitiwa na vita na misafara ya watumwa. Wanawake walitekwa, wakauzwa, wakatoroka, wakaolewa ugenini, wakatoroka tena. Wawili kati yao, Narwimba na Chisi, walifika uzeeni wakiwa na kumbukumbu zao zote, na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari Mmoravian aliyeishi miaka mingi Usafwa, aliketi nao akaandika walichosimulia. Simulizi hizo zilichapwa Ujerumani, kwa Kijerumani. Mwaka 1993 mwanahistoria Mmarekani Marcia Wright alizikusanya upya katika kitabu chake cha Kiingereza, Strategies of Slaves and Women. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu New York anaweza kuazima maktabani maisha ya Chisi na kuyaandikia insha. Binti wa kidato cha tatu Mkwajuni hajawahi kulisikia jina hilo.

Waliozichapa simulizi hizo sina kinyongo nao, nawashukuru, maana bila wao zingezikwa pamoja na wenyewe. Lakini angalieni kilichoamua ni nini. Wasimulizi walikuwa wetu, lugha zilikuwa zetu, uchungu ulikuwa wetu. Kitu kimoja tu kilikuwa ng'ambo: mtu aliyekuwa tayari kulipia karatasi kwa imani kwamba kuna watu watakaosoma. Huyo ndiye mchapishaji. Mwenye mashine ya kupiga chapa ukimpelekea kazi na fedha, ataifanya, iwe kalenda, kadi ya harusi au Kurani. Mchapishaji ndiye anayepokea mswada wenye madoa ya chai, anausoma usiku, anaona ndani yake kitabu ambacho mwandishi mwenyewe hajakiona, kisha anaingiza fedha yake kabla ya yeyote mwingine kuingiza hata senti.

Furaha ya kazi hii ni kubwa, na nataka muijue, kwa sababu ndiyo inayotufanya tusiiache. Mwandishi anakuja na daftari la kaunta, ameandika kwa kalamu ya wino, kila ukurasa umejaa hadi pembeni. Mnakaa mnabishana juu ya sura ya pili. Anakasirika, anaondoka, anarudi baada ya wiki mbili na sura ya pili mpya ambayo ni bora kuliko vyote alivyowahi kuandika. Halafu prufu zinatoka, unazisoma kwa sauti mstari kwa mstari na mtu mwingine akifuata kwenye mswada, na mnapokuta kosa katika ukurasa mliokwisha kuupitia mnashukuru Mungu kwamba limeonekana leo. Halafu siku ya nakala ya kwanza. Nimemwona mzee akipokea kitabu chake, hakukifungua. Alikigeuza nyuma na mbele, akakinusa, akampa mkewe. Mkewe ndiye aliyekifungua, akatafuta mahali alipotajwa yeye, akapapata.

Na kuna furaha ya msomaji usiyemjua. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde, yupo kwenye foleni ya Tunduma tangu jana, anapiga simu kwa namba iliyo nyuma ya jalada kuuliza kama kuna sehemu ya pili. Hajui kwamba kwa simu ile ametulipa zaidi ya bei aliyonunulia.

Kazi hii ina wazee wake hapa Tanzania, na inafaa tuwataje kwa majina. Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara, aliingia Tanzania Publishing House mwaka 1972 akitokea Wizara ya Mambo ya Nje. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1966. Mwaka huohuo wa 1972 likatoa kitabu cha Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kitabu hicho kimezunguka dunia nzima, na bado kinasomwa. Wengi wetu tunajua hivyo. Wasichokijua wengi ni nani alikuwa mshirika wa Dar es Salaam katika toleo lile. Lilikuwa jumba dogo la uchapishaji la London liitwalo Bogle-L'Ouverture, la mke na mume kutoka Guyana, Jessica na Eric Huntley, ambao walianza kuchapisha nyumbani kwao. Kitabu chao cha kwanza, mwaka 1969, kilikuwa pia cha Rodney, kilichotolewa baada ya Jamaika kumkataza kurudi kwenye kazi yake ya kufundisha. Fedha zilitoka wapi? Kwa marafiki na jirani, watu wa kawaida waliochanga ili sauti ile isizimwe. Kwa hiyo ninapowaambia habari ya kuchangia kitabu, siwaletei jambo jipya. Mchango wa namna hiyo ndio uliomwanzishia Rodney njia iliyofika hadi Dar es Salaam.

Bgoya aliongoza shirika hilo hadi mwaka 1990. Mwaka 1991 akaanzisha nyumba yake mwenyewe ya uchapishaji, Mkuki na Nyota. Fikirini mwaka wenyewe: mashirika ya umma yanayumba, fedha ya kigeni haipatikani, maduka ya vitabu yanageuzwa kuwa maduka ya nguo. Hakuna mshauri wa biashara ambaye angemwambia aanze. Nyumba hiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 2020, wasifu wa Mwalimu Nyerere katika juzuu tatu ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Na ndiyo iliyomrudisha Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili mwaka 2022, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iitwayo Peponi, mwaka mmoja baada ya Mzanzibari huyo kupewa Tuzo ya Nobel. Gurnah alikuwa ameandika kwa zaidi ya miaka 30. Nyumba kubwa za nje zilimtafsiri kwa lugha nyingi. Kumleta nyumbani ilibidi ifanywe na nyumba ndogo ya nyumbani.

Kabla ya Mkuki na Nyota, mwaka 1989, wanawake wawili, Elieshi Lema na Demere Kitunga, walianzisha E&D, herufi za majina yao. Walitaka vitabu ambamo mwanamke na mtoto wa Tanzania wanazungumza kwa sauti zao wenyewe. Mwaka 2001 wakatoa riwaya ya Lema, Parched Earth, na vitabu vyao vya watoto vimepita katika mikono mingi ambayo haijui jina la mchapishaji. Na Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, muumba wa mpelelezi Joram Kiango, alianzisha Heko na kutoa mwenyewe vitabu vilivyosomwa kwenye mabasi, kambini na mabwenini. Alifariki mwaka 2008. Waulizeni watu wazima wa hapa Mbangala waliojifunza kupenda kusoma wakiwa vijana, wengi watawaambia ilikuwa ni kitabu cha Mtobwa kilichokwisha jalada, kilichopita mikono ishirini. Mimi namheshimu kuliko wanavyomheshimu walimu wengi wa fasihi. Mtu anayemfanya kijana asiyelazimishwa na mtihani amalize kurasa 200 amefanya kazi ya taifa.

Sasa huzuni. Sitaitaja yote.

Kwa miaka mingi mchapishaji wa Tanzania aliishi kwa kitabu cha shule. Tangu sera ya vitabu ya mwaka 1991 kampuni binafsi ziliruhusiwa kuandika na kuchapisha vitabu vya kiada, na faida ya kitabu cha hisabati ndiyo iliyolipia diwani ya mashairi. Mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu hivyo ilivunjwa, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sababu zilikuwepo. Vitabu vingine vilikuwa na makosa ya aibu, na mzazi alikuwa na haki ya kulalamika mwanawe anapofundishwa kosa lililochapwa kwa rangi nne. Lakini nguzo iliyokuwa ikibeba paa iliondolewa. Kampuni kadhaa zilifunga, nyingine zikageuka maduka ya kalamu na madaftari. Waliobaki wanachapisha kwa ajili ya msomaji anayenunua kwa hiari, yaani wewe na mimi. Usiponunua wewe, hakuna mwingine.

Karatasi nayo ina habari yake. Mgololo, Mufindi, kando ya reli ya TAZARA, kilijengwa kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya 1980, na kwa muda tuliamini kwamba kitabu cha Kitanzania kitaandikwa, kitachapwa na kusomwa juu ya miti ya Kitanzania. Kiwanda kipo, lakini kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za mifuko na vifungashio. Karatasi ya vitabu kwa sehemu kubwa tunaiagiza nje, kwa dola, na dola ikipanda kitabu kinapanda hata kama mwandishi, mhariri na msomaji wote wanakaa Songwe na hawajawahi kuishika dola.

Halafu kuna mali kauli. Unapeleka nakala 50 dukani, mwenye duka anakuambia uache, zikiuzwa atakutumia fedha. Huna la kufanya, kwa sababu duka la vitabu ni nadra na linauza zaidi madaftari na sare za shule. Miezi inapita. Unapiga simu, anakuambia bado. Unakwenda mwenyewe, unakuta nakala zako zimewekwa chini ya maboksi ya chaki, zimepigwa na vumbi, tatu zimeliwa na panya. Mwenye duka si mtu mbaya. Naye ana kodi, naye anauza kinachotoka haraka. Na duka lenyewe liko mbali na mnaohitaji vitabu. Kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kikifika Mbeya kimekwisha kula nauli, na kutoka Mbeya hadi huku, kwa barabara ya Mbalizi, Galula, Mkwajuni, hakuna wakala anayekibeba isipokuwa mchapishaji mwenyewe na begi lake.

Na kuna fotokopi, na siku hizi faili linalorushwa kwenye kundi la WhatsApp na kushukuriwa kwa vidole gumba arobaini. Hili nalisema kwa upole, kwa sababu najua wengi hufanya kwa nia njema: mwalimu ana wanafunzi 80 na nakala moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini sitaki kuwatisha kwa sheria. Nataka mjue tu kwamba kitabu cha mwandishi wa hapa hutolewa nakala chache mno, na wale arobaini waliofurahi kwenye kundi walikuwa ndio sehemu kubwa ya wanunuzi aliokuwa akiwategemea. Mwalimu akimpigia mchapishaji mdogo na kumweleza shida yake, mara nyingi atapata bei ambayo hakuitegemea, au nakala za kukopa darasa zima. Sisi tunataka vitabu visomwe. Tuulizeni.

Nilitaja hesabu. Tuchukue kitabu cha kurasa 96. Karatasi kubwa ikichapwa pande zote na kukunjwa hutoa kurasa 16, kwa hiyo hicho ni kitabu cha fomu sita na jalada. Nitatumia namba za mfano, rahisi kushika kichwani, maana bei hubadilika. Tuseme kuhariri, kusoma prufu, kuchora jalada, kupanga kurasa na kutengeneza pleti ni shilingi 2,000,000. Fedha hiyo inatoka uchape nakala 200 au 1,000. Karatasi, wino, kupiga chapa na kujalidi, tuseme 3,000 kwa kila nakala. Ukichapa 200, kila nakala imekugharimu 13,000. Ukichapa 1,000, imekugharimu 5,000. Ndiyo maana mchapishaji analazimika kuchapa nyingi hata akiwa na hofu.

Amechapa 1,000, ametumia 5,000,000. Anaweka bei 8,000 ili mtu wa kawaida aweze. Duka likichukua asilimia 30 ni 2,400. Mrabaha wa mwandishi, asilimia 10, ni 800. Gharama ya nakala 5,000. Jumlisheni: 8,200. Ameuza na amepoteza 200 kwa kila nakala, bado nauli, bado zile za panya. Akipandisha bei hadi 12,000 hesabu inakaa, lakini mama mwenye watoto watatu shuleni anakishika kitabu, anaangalia bei, anakirudisha taratibu. Nimeliona hilo mara nyingi, na katika huzuni zote za kazi hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mama yule alikuwa amekwisha kukitaka.

Sasa wawekeni watu 300 wanaolipa 8,000 kila mmoja, moja kwa moja, kabla ya kitabu kuchapwa. Hiyo ni 2,400,000, karibu nusu ya fedha yote inayohitajika, na mashine haijawashwa. Hakuna asilimia ya duka. Baada ya gharama na mrabaha, kila nakala inabakiza 2,200, ambayo ndiyo itakayosafirisha vitabu vingine na kuanzisha mswada unaofuata. Nakala 700 zilizobaki zinaweza kuuzwa polepole, madukani na mashuleni, bila mtu kufilisika. Watu 300, ndugu zangu, katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3. Harusi moja ya Vwawa huwa na kadi nyingi kuliko hizo.

Kwamba njia hii inafanya kazi si dhana yangu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulijengwa juu ya wazo hilohilo: mchapishaji akitoa nakala 5,000 za kitabu cha mtoto kilichopita katika uhakiki wao, Mradi ulikuwa ukinunua 3,000 na kuzipeleka shuleni, naye akibaki na 2,000 za kuuza sokoni. Uhakika wa wanunuzi wa kwanza ulitosha kuzaa vitabu vya watoto vya Kiswahili ambavyo visingekuwepo kabisa. Wachapishaji wenyewe wamefanya vivyo hivyo kati yao: African Books Collective, iliyoundwa mwaka 1989 na wachapishaji wa Kiafrika, Bgoya akiwa miongoni mwa waasisi, inauza nje ya bara vitabu ambavyo hakuna nyumba moja ingeweza kuvifikisha huko peke yake. Serikali nayo, tangu mwaka 2023, inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na miswada inayoshinda inachapwa na kupelekwa shuleni. Nalipongeza hilo kwa moyo wote. Ila tuzo inawafikia washindi wachache kwa mwaka, na kitabu kuhusu Mbangala hakihitaji kuwa bora kuliko vyote nchini ili kistahili kuwepo.

Kitabu gani, basi? Hapa ndipo ninaposhindwa kulala kwa hamu. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, ikaleta watu kutoka kila pembe ya Afrika ya Mashariki na Kati, na hadi leo wilaya yetu inaishi kwa maduara, makarasha na mialo. Historia hiyo imeandikwa katika ripoti za wakoloni na za makampuni. Haijaandikwa na mchimbaji. Kuna wazee waliosikia kwa baba zao jinsi machimbo ya Saza yalivyofungwa. Kuna akina mama waliopika kambini na kusomesha watoto kwa kuosha mchanga, na wanajua kuhusu dhahabu mambo ambayo mhandisi hajaulizia. Kuna vijana waliofukuliwa wakiwa hai. Kuna habari za kimondo cha Mbozi, kile chuma cha tani zipatazo 12 kilichoko Ndolezi, ambacho vitabu vinasema mpimaji mmoja alikitangaza mwaka 1930, ilhali wenyeji walikuwa wakikijua na kukisimulia kabla yake. Kuna hadithi za Kinyiha, Kibungu, Kinyamwanga, Kimalila na Kindali ambazo bibi anazikumbuka na mjukuu aliyeko Tunduma hazisikii tena. Kitabu cha hadithi chenye Kibungu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili hakuna kampuni kubwa itakayokigusa, kwa kuwa soko lake ni sisi tu. Ndiyo sababu ni kazi ya nyumba ndogo, na ndiyo sababu nyumba ndogo haiwezi bila sisi.

Walimu, nawaomba ninyi kwa namna ya pekee. Mnajua nani kijijini anaandika kwa siri. Kuna mmoja katika kila shule, na mara nyingi si yule anayeongoza darasa. Mwambieni alete. Na mnaweza kuanza kukusanya simulizi leo hii kwa simu mliyonayo mfukoni: mwanafunzi amrekodi babu yake, aandike alichosema kama alivyosema, bila kumrembesha, jina la msimulizi na la kijiji juu ya ukurasa, na ridhaa ya mzee iombwe kwanza.

Wafanyabiashara wa Tunduma, mabasi na malori yenu yanakwenda kila mahali. Boksi la vitabu ni dogo. Mkilibeba bila nauli kutoka Mbeya hadi Mkwajuni, mmechapa nusu ya fomu. Vijana mnaotafuta la kufanya, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kuuza vitabu minadani na kwenye mikutano ya wazazi ni biashara kama nyingine. Mwenye baiskeli na meza ya kukunja ataweza. Madiwani, mkipata nafasi katika bajeti, rafu moja ya chuma katika ofisi ya kata yenye vitabu vya waandishi wa mkoa huu haizidi bei ya posho za kikao kimoja. Wazee wangu, kwenu sina la kuomba ila mkubali kusimulia tunapokuja, hata tukirudi mara ya tatu na swali lilelile.

Kuhusu namna ya kufanya, napendekeza tusibuni chombo kipya. Mbangala ina vikundi vya kuweka na kukopa vyenye viongozi wanaoaminika, madaftari na masanduku yenye funguo tatu. Kikundi kimoja kikubali kushika orodha. Anayetoa ahadi aandikwe jina, kijiji na kiasi, apewe risiti. Anayeweza 8,000 kwa mara moja atoe, anayeweza 2,000 kila mwezi kwa miezi minne atoe hivyo, wawili wakitaka kununua nakala moja kwa pamoja waandikwe wote wawili. Fedha isitoke sandukuni hadi mswada umekamilika na kamati imeusoma. Kamati iwe na mwalimu, mchimbaji, mama wa sokoni na kijana mmoja, kwa uchache. Ikifika mwisho wa msimu wa mavuno na watu 300 hawajatimia, kila mtu arudishiwe chake chote na tukae tena tujue tumekwama wapi. Wakitimia, mswada unakwenda kwa mhariri wiki hiyo hiyo, namba ya ISBN inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na kamati inapewa nakala ya kila bili ya mpiga chapa.

Cha kwanza kiwe kitabu cha simulizi za machimbo, zisimuliwe na wanaume na wanawake kwa idadi sawa. Mhariri nipo, na kazi yangu katika kitabu hicho sitaitoza. Nakala za shule zitakwenda shuleni kabla ya nakala moja kupelekwa dukani. Kurasa za mwisho za kitabu nitaziacha kwa ajili ya majina ya walionunua mapema, kata kwa kata, Mbangala ikitangulia.